Fimbo ya Kusikilizia Injini

Jambo la kwanza alilokufundisha Fundi lilikuwa kunyamaza. Ulimpelekea gari linalokohoa, ukafungua mdomo umweleze lilivyoanza, naye akakuinulia kiganja kama trafiki. "Wewe umeongea njia nzima. Sasa iache injini yenyewe iongee." Kisha alichukua fimbo yake, fimbo ndefu nyembamba ya kuchungia ng'ombe, nyeusi kwa mafuta ya mikono na ya mashine. Ncha moja aliigusisha kwenye injini, nyingine akaibana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Aliihamisha taratibu, silinda hadi silinda. Wewe ulisimama hapo kama mtu aliyeleta mgonjwa, jua la uwanda wa Basotu likikuchoma utosi. Akimaliza alifumbua macho na kuutaja ugonjwa. Katika miaka ile ya mwanzo sikumbuki akikosea, na mimi ni mtu wa kukumbuka sana makosa ya watu.

Alikuwa fundi wa karakana ya shamba la ngano la serikali, shamba ambalo ukisimama mwanzo wake huoni mwisho wake. Mimi nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya nyumba za wafanyakazi, na mume wangu alikuwa bwana shamba. Sikio la Fundi ndilo lililokuwa kazi yake, jina lake na kiburi chake. Ndilo ninalotaka kulisimulia, kwa sababu nililiona likifa na sikuweza kufanya lolote.

Kwetu ni Tumati, Mbulu, juu kwenye baridi na maharage, ambako kila nyumba ina kilima chake. Nilipohamia uwandani nililia wiki nzima kwa kukosa mahali pa kuegemeza macho. Kulikuwa na ngano, na upepo juu ya ngano, na mlima Hanang peke yake kwa mbali umejitanda mawingu. Fundi, ambaye ni mtu wa wafugaji wa uwanda uleule, alinicheka mbele ya karakana nzima. "Nyie Wambulu mkikosa kilima mnafikiri mmepotea. Mwalimu, kupotea ni kukosa ng'ombe." Nilimchukia mpaka jioni. Jioni alileta maziwa mlangoni kwangu, akayaweka chini na kuondoka bila kubisha hodi.

Ndivyo alivyokuwa. Wema aliufanya kama mwizi, lakini majivuno aliyafanya hadharani. Akishaponya kombaini ya kuvunia ngano iliyowashinda wenzake, ulisikia habari hiyo kwa mwezi mzima, na kila mara injini ilikuwa imeharibika zaidi. Ovaroli la shamba alilivaa kazini, kanisani na harusini. Harusini alilifua. Kombaini zote alizipa majina ya rangi za ng'ombe, na ile yenye mabaka ilikuwa na jina refu ambalo mimi ulimi wangu haukuliweza kamwe. Mashine ikigoma alizungumza nayo kwa lugha yake. Sisi alituambia kwa Kiswahili kwamba mjinga ni dereva.

Watu wa kwao walikuwa na neno naye. Ardhi ile kabla ya ngano ilikuwa malisho, na kuna wazee ambao makaburi yao yalibaki katikati ya mashamba, yamezungukwa na mifereji ya plau. Ndugu zake walipita na mifugo pembezoni wakamtazama akitambaa chini ya trekta lililowafukuza, na baadhi yao waliacha kumsalimia. Nilimwuliza siku moja, kwa ule udadisi wa walimu, kama haimuumi. Aliendelea kufunga nati. "Inauma," alisema. "Lakini trekta haijui. Imeletwa tu, kama wewe." Kisha akaniomba nimpitishie spana. Sijawahi kujua kama lile lilikuwa jibu au alinifukuza kwa adabu.

Kila jioni, ng'ombe wake walipopita nyuma ya ua wa karakana, aliacha kazi kidogo. Hakuwatazama. Aligeuza tu kichwa upande na kusikiliza kengele zao, kisha akatamka, "Yule mwekundu amebaki nyuma," au, "Ndama hayupo." Wenzake walizoea kuruka ua kwenda kuhakikisha, na baadaye wakaacha, maana walichoka kumkuta yuko sahihi.

Sasa nije kwenye gari. Mume wangu alinunua gari dogo jeupe la Kijapani lililokwishatumika, la petroli, lisilo na kabureta, na kwenye dashibodi lilikuwa na kitaa cha njano chenye umbo la injini. Kwa miezi michache tulijiona watu. Halafu kitaa kikawaka na kikakataa kuzima. Likiwa baridi gari lilikwenda vizuri, lakini likishapata moto lilianza kumisi, injini ikirukaruka mapigo, likatetemeka kama mwenye malaria, likatoa moshi mweusi na kunuka petroli. Mume wangu alilipeleka Arusha. Walilisoma kwa mashine yao, wakabadilisha sensa ya joto la maji, kitaa kikazima. Tulipofika nyumbani kiliwaka tena. Dereva mmoja wa shamba akatupa dawa yake, plasta ya kidonda. Tuliibandika juu ya kitaa, na kweli, hatukukiona tena.

Fundi alipoingia kwenye gari lile aliiona plasta kabla ya kitu kingine chochote. Aliibandua kwa kucha.

"Mwalimu, mtoto wa darasani kwako akilia, unamziba mdomo?"

"Wakati mwingine," nilisema, kwa kuwa nilikuwa mkweli.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakunja kipande cha waya, akafungua kiboksi kidogo kilichokuwa chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili, akaniambia nigeuze ufunguo bila kuwasha. Kitaa kikaanza kupepesa. Mbili, kikapumzika, kisha mbili tena. Ujanja huo aliupata kwa dereva mmoja wa malori, na siku hiyo alinionyesha kwa dharau kidogo, kama mtu anayekuonyesha mchezo wa karata.

"Inalalamika joto la maji," alisema. "Ubongo wa gari unafikiri injini ni ya baridi hata ikiwa inachemka. Unaimwagia petroli mpaka inapaliwa."

"Arusha nao walisema hivyohivyo."

"Taa imewaambia nani analia. Nani amempiga, hiyo taa haijui. Taa haina sikio, Mwalimu."

Akaniambia niwashe gari na kuliacha lingurume. Akachukua fimbo, akasikiliza, halafu kwa ncha yake akaanza kuzisukuma nyaya za injini mojamoja, taratibu, kama anayepapasa tumbo la ng'ombe. Alipogusa fungu moja la nyaya huku chini, injini ikabadilika sauti. Akaligusa tena, ikabadilika tena. Akaingiza mkono na kutoa kiota cha panya, cha majani makavu na masuke ya ngano, na nyuma yake waya uliogugunwa mpaka ukabaki unywele. Ukitikisika ulishika, ukitikisika tena uliachia.

Kosa lilikuwa letu, na la kila mtu pale shambani. Kivuli pekee kilikuwa cha ghala la ngano, kwa hiyo wenye magari tuliyaegesha hapo, pua ndani kabisa, tukijiona wajanja. Mume wangu, juu ya hayo, alitembea na sampuli za masuke kwenye buti la gari kila msimu. Tulikuwa tunawajengea panya nyumba ya joto yenye chakula. Fundi aliutangaza ukweli huo mpaka kanisani, na kwa muda mrefu mume wangu aliitwa Bwana Panya.

Naliweka tukio hili hapa kwa sababu ndipo nilipoyasikia maneno yale. Taa haina sikio. Nilikuja kuyakumbuka baadaye, nikatamani nisingeyasikia.

Dalili ya kwanza tuliiona sote, tukaipa jina lisilo lake. Alikuja mzee mmoja wa Maretadu, mzee kweli, mwenye umri wa kuwa baba yake Fundi, kumtembelea mwanawe aliyekuwa kibarua. Alipita karakana. Kwa kawaida Fundi angeinuka, apanguse mikono na kutoa shikamoo. Siku hiyo alimwona mzee tayari yuko mbele yake, midomo inacheza. Mzee alikuwa anamwuliza tu, "Kijana, njia ya kwenda ofisini ni hii?"

"Marahaba," alijibu Fundi, kwa sauti kubwa na uso wa furaha.

Mzee alimtazama kwa muda, akageuka akaenda zake bila kuuliza tena njia, na mwanawe hakumsemesha Fundi msimu mzima. Watu wakasema kiburi kimempanda kichwani, sasa anajiamkia mwenyewe. Kisha tukagundua anawajibu marahaba watu wote. Padri alimuuliza habari za nyumbani, akaambiwa marahaba. Mimi nilimwuliza bei ya plagi, nikaambiwa marahaba. Tulicheka. Nilicheka na mimi, tena sana, nikalisimulia darasani.

Dalili ya pili niliiona peke yangu. Jioni moja nilikuwa nimesimama naye uani nikisubiri gari. Ng'ombe wake wakapita nyuma ya ua, kengele zikilia zote, vumbi likitufikia. Fundi aliendelea kupanguza spana. Hakugeuza kichwa. Niliitazama shingo yake nikisubiri igeuke, ng'ombe wakapita, wakaisha, vumbi likatua.

Kuanzia hapo niliona kila kitu. Niliona kwamba anataka usimame mbele yake unapozungumza. Niliona kwamba fimbo imehamia kwenye kona, nyuma ya matairi, na kwamba Fundi ameanza kuipenda taa. Gari lolote jipya kidogo likija, anatoa waya wake, anakaa mbele ya dashibodi na kuhesabu kupepesa kwa midomo. Vijana wa karakana walimsifu kwamba amekwenda na wakati. Magari ya zamani yasiyo na taa aliwaachia wao, akasema yanamchosha mgongo.

Halafu ikaja siku ya gari la mkaguzi wa shamba. Lilipoingia lilikuwa linagonga kwa ndani mpaka watoto wangu wa darasa la tatu waliinua vichwa kwenye madaftari. Nilivuka barabara kwenda kuona. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, injini inaunguruma na kugonga kama mtu anayetwanga kisamvu, naye ametulia anaitazama dashibodi. Taa haikuwaka.

"Haina neno," akamwambia mkaguzi. "Ingekuwa na shida, taa ingesema."

Mkaguzi alidhani anataniwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilimwita Fundi, nikamwita tena, kwa sauti yangu ile ya paredi. Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega, na alipoyaona macho yangu alijua kwamba nimejua.

Mkaguzi alipoondoka, Fundi alinifuata mpaka kwenye geti la shule. Siku zile shamba lilikuwa linapunguza watu. Mashine zilisimama kwa kukosa spea, moja ikichunwa ili kuponya nyingine, na kila mwisho wa msimu kulikuwa na majina yanayobandikwa ukutani.

"Wanasemaje juu yangu, Mwalimu?" aliuliza.

Nilisogea mbele yake, nikatamka polepole. "Wanasema una kiburi."

Aliitazama midomo yangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Vizuri," alisema. "Waache waseme hivyo."

Mke wake ndiye aliyekuja kuniomba twende hospitali ya Haydom. Mke huyo Kiswahili kilimpiga chenga, na Fundi alikuwa amekubali kwa sharti kwamba niendeshe mimi na asijue mtu wa karakana. Tuliwaambia watu kwamba tunakwenda kumwona mgonjwa. Njiani Fundi aliketi kando yangu, ovaroli limefuliwa, fimbo katikati ya magoti. Tulipokaribia Haydom gari likaanza kumisi, si sana, kwikwi ndogo kila nilipokanyaga mafuta. Nilimtazama. Zamani angeinua kiganja hata kabla yangu, angesema simamisha. Alikuwa anatazama mashamba ya mahindi nje ya dirisha. Ningemwambia nini?

Mabasi yalikuwa yameshusha watu, na benchi za kusubiria zimejaa hadi ukumbini. Tulipangwa kwenye kona ya ukumbi uleule, nyuma ya pazia tu. Daktari alikuwa kijana mpole, wa wale wanaozungumza kwa sauti ya chini kwa heshima ya mgonjwa. Alimpima kwa muda mrefu, kwa vyuma na kwa kunong'ona. Kisha akakaa mbele yake.

"Mzee, mishipa ya ndani ya masikio imekufa. Ni kelele za mashine za miaka mingi. Kuna vifaa vya kuvaa, ila hapa hatuna, na kwa hali hii vingesaidia kidogo tu. Pole sana."

Fundi alimwangalia kwa adabu yote.

"Marahaba," alisema.

Daktari alinigeukia mimi. Fundi naye alinigeukia. "Anasemaje?"

Nilisogeza mdomo karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti ya kawaida. Alitikisa kichwa. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akatikisa tena na kunikunjia uso, ule uso wa karakana. Basi nikapiga kelele. Nilipiga kelele neno ambalo mtu yule alikuwa amelificha kwa misimu kadhaa, kwa gharama ya jina lake na heshima yake mbele ya wazee. "Hayatapona, Fundi! Masikio yamekufa! Hayatapona!" Nyuma ya pazia, benchi zote zikanyamaza.

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye aliokota fimbo, akasimama, akamshukuru daktari. Tulipotoka nje ya pazia watu walimpisha njia kwa huruma, na huruma ile ndiyo aliyokuwa ameikimbia siku zote. Hakunilaumu, si siku hiyo wala baadaye. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Jina lake lilibandikwa mwisho wa msimu ule. Wala si kwa ajili ya masikio, hakuna aliyekuwa anajua, Haydom ni mbali. Lilibandikwa pamoja na majina ya nusu ya karakana, wenye masikio mazima na wenye mabovu. Muda si mrefu shamba lenyewe likasimama. Alikuwa ameficha bure. Jambo hilo huwa linanijia nikiwa jikoni au njiani, na linanikasirisha, ila sijui nimkasirikie nani.

Tulirudi Tumati. Mume wangu alilima, kisha akafa. Mimi niliendelea kufundisha, na gari lile likabaki kwangu, limezeeka kama mimi. Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha lilianza tena kumisi. Safari hii halikumisi kwa moto wala kwa baridi. Liliumwa linapotaka. Mafundi wa Mbulu walibadilisha plagi, nyaya, koili, wakasafisha nozeli. Waliiangalia taa, na taa haikuwaka. Kila mmoja aliniambia nijaribu kwa mwingine. Mwishowe nilifanya jambo la kipumbavu, nikaliendesha hivyo hivyo linavyotetemeka mpaka uwandani, kwa mtu asiyesikia.

Mke wake alinipokea kwa Kiswahili chake kilekile. "Karibu, Mwalimu. Iko nyuma ya zizi." Nilimkuta ameketi juani. Amekonda, nywele nyeupe, ovaroli lilelile limebaki viraka. Nilimpa shikamoo kwa mdomo mpana ili aisome, naye akanijibu marahaba, na safari hii ilikuwa mahali pake. Tulicheka wote wawili. Alipoliona gari aliinuka kwa fimbo yake, na nilivyoona inavyochezacheza chini nilielewa kuwa mikono nayo haikuwa sawa tena.

Alilizunguka akilipapasa kama ng'ombe aliyerudi. Alikuwa bado na kipande chake cha waya, kwenye mfuko wa kifuani. Nilimsaidia kukiingiza kwenye matundu, vidole vyake vilikuwa vinakosea. Nikageuza ufunguo. Kitaa kikapepesa mfululizo, sawasawa, bila kupumzika.

"Haina lawama," alisema. "Hiyo ni kusema gari ni nzima."

Nikaliwasha. Lilianza palepale kuumwa, likitikisika na kukata. Nilimwonyesha kwa mikono. Akaichukua fimbo, akaiweka kwenye injini na kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Nilinyamaza, kama alivyonifundisha. Alihamisha ncha silinda hadi silinda, kwa mpango uleule, bila kuruka hata moja. Nilisubiri. Naapa nilisubiri kweli, kwa moyo wote, kana kwamba angeweza.

Alifumbua macho. Akaiegemeza fimbo kwenye mlango, akaweka kiganja juu ya bati la gari kando ya injini na kukiacha hapo.

"Mwalimu," alisema, "inatetemeka gari au mkono wangu?"

Nikafikiri nimsaidie, apate kulinganisha mwenyewe. Niliingiza mkono dirishani, nikazima gari.

Gari likatulia. Kiganja chake juu ya bati kiliendelea kutetemeka. Tulikitazama wote wawili, na hakikuacha.

"Washa tena," alisema.

Nikawasha. Tukasimama pale, injini ikimisi, mkono wake juu ya bati, kutetemeka kwake kukifichika ndani ya kutetemeka kwa gari, mpaka petroli ilipokaribia kuisha.